Chafya Moja Tu

Asubuhi ya leo mwanangu ameamka na mafua. Si mafua ya kutisha, ni yale ya pua kuchuruzika na sauti kukwaruza kidogo, yale ambayo kufikia saa nne huenda yakawa yameisha au yakawa yamemlaza kitandani, huwezi kujua. Nilisimama katikati ya chumba na soksi yake mkononi, nimeshachelewa kazini, nikijiuliza swali ambalo nadhani wengi wa rika langu mmejiuliza mkiwa na soksi mkononi: huyu aende shule au abaki nyumbani? Nikafanya kama nifanyavyo kila ninaposhindwa. Nikampigia mama simu Bungoma.

"Amekunywa chai?" akauliza, hata salamu hakungoja imalizike.

"Amekunywa."

"Ameomba nyingine?"

"Ameomba."

"Basi aende. Mpe kitambaa. Pini unayo?"

Hapo nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka mtoto akaja mlangoni na kiatu kimoja kutazama mamake ana nini. Pini ninayo, mama anajua ninayo. Inakaa kwenye kopo la vifungo pamoja na nyuzi na zipu zilizokatika. Ni pini ya nepi, ile kubwa yenye kichwa cha plastiki, buluu iliyofifia. Nilipoitoa niliinusa, sijui kwa nini, na badala ya chuma nikasikia mafuta ya mikaratusi na vumbi la Juba.

Nilienda Juba nikiwa sina meno ya mbele. Mama alikuwa ametangulia. Vita vya Sudan vilikuwa vimekwisha, mkataba umetiwa sahihi, na pale kijijini kwetu kila mtu alikuwa na binamu aliyesema kule kuna kazi hadi unachagua. Mama akapata ya kupanga vyumba katika hoteli moja kando ya Nile, ijapokuwa vyumba vyenyewe vilikuwa mahema yaliyowekewa vitanda na feni. Mimi nikabaki na nyanya, ambaye kwetu tunamwita kukhu. Nilibaki naye muda mrefu kiasi kwamba mama akawa kwangu ni sauti ndani ya simu, sauti iliyouliza kama nimekula halafu ikakatika.

Alipotuma habari kwamba sasa amepata chumba na shule, na kwamba niende, kukhu alinuna. Aliosha vyombo kwa kelele siku kadhaa. Mwishowe alinikabidhi kwa jirani yetu aliyekuwa akipeleka vitunguu Juba, na asubuhi ya safari akakata kipande cha shuka jeupe, akaandika kwa kalamu jina langu, jina la mama na nambari yake ya simu. Kisha akachukua pini iliyofunga nepi zangu nilipokuwa mchanga, akanibandika kile kitambaa kifuani.

"Usiitoe," akaniambia. "Mamako aitoe mwenyewe."

Nikavuka Uganda nzima nikiwa nimebandikwa. Makondakta walinisoma kifua kabla ya kunitazama uso. Pale Nimule mpakani askari alinisoma polepole, midomo ikichezacheza, halafu akanipa biskuti. Basi likatushusha karibu na soko la Konyo Konyo, watu wamejaa, jua kali, na mwanamke mmoja mwembamba akaja mbio akitupa miguu ovyo kama mtu aliyesahau kukimbia. Alipiga magoti, akaifungua pini, akanikumbatia. Alinukia sabuni ya kufulia. Ndivyo nilivyojifunza kazi ya pini: inafungwa unapotumwa kwa mtu, na inafunguliwa unapofika. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuona haja ya kuuliza jambo lililokuwa wazi namna hiyo.

Tuliishi Gudele, chumba kimoja cha mabati katika boma lenye mlango wa bati na jirani mmoja mwenye maneno mengi. Huyo alikuwa Mama Akello, Mganda aliyeuza maharage na unga Konyo Konyo, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa aliyeamini hakuna shida isiyotibika kwa kula. Kila asubuhi gari la hoteli lilimchukua mama mapema, na mimi na Mama Akello tulipanda bodaboda ya Opio, kijana wa kwao. Mimi nilikaa katikati, nikibanwa na mgongo wa Opio mbele na tumbo la Mama Akello nyuma. Opio alinishusha shuleni kwanza, kisha akaendelea na Mama Akello hadi sokoni. Nilikuwa na furaha. Naisema waziwazi kwa sababu watu wakisikia Juba ya miaka hiyo wanangoja habari za huzuni. Nilikuwa na mama kila jioni, mzima, mwenye mikono, si sauti tu. Nililala nimeshika sikio lake.

Kisha kiangazi kikakomaa, na vumbi likaja. Barabara zilikuwa zikichimbwa kila upande, magreda yakinguruma, na kilichochimbwa chote kiliishia puani mwetu. Jioni moja mama alipanda juu ya kreti karibu na tangi la maji, mahali pekee uani penye mtandao, akampigia kukhu. Kwa kuwa ilibidi kupiga kelele ili kusikika, simu ilikuwa imewekwa kipaza sauti na boma zima lilishiriki mazungumzo.

"Mtoto mzima?" kukhu akauliza.

"Mzima kabisa."

"Nasikia huko malaria inabeba watu. Sikiza. Huyo akipiga chafya moja tu, nirudishie mtoto wangu. Moja tu!"

"Sawa, mama," mama akasema, akicheka, akishuka kwenye kreti.

Yeye alicheka. Mimi nilisikia sheria ikipitishwa na mama akiikubali. Na nilikuwa na ushahidi. Wiki chache tu nyuma, Anti Jane, Mkenya mwenzake mama pale hotelini, alikuwa amemrudisha mwanawe Nakuru baada ya kuugua. Kwa kuogopa kilio alimwambia wanaenda Konyo Konyo kununua viatu. Yule mvulana alituaga kwa madaha kama mwenye viatu vipya tayari, na hatukumwona tena. Kwa hiyo nilijua mambo mawili kuhusu watu wazima wa Juba: mtoto mgonjwa hurudishwa, na haambiwi.

Nikaanza kumeza chafya. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, ina ufundi wake. Ukibonyeza kidole chini ya pua kwa nguvu, inarudi. Ukiuma ulimi, inarudi, lakini machozi yanatoka, na hapo unahitaji sababu ya machozi. Nikawa nalilia mambo ya ajabu. Niliililia sufuria iliyoungua. Nilimlilia mbuzi wa jirani, naye alikuwa hai na anakula. Mama alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama shuleni kuna mtu ananichapa. Nikasema hapana, nikakimbilia nje kupenga kamasi nyuma ya tangi, nikaifukia kwa mchanga kama paka.

Lakini kamasi haifichiki milele. Asubuhi moja niliamka pua zote mbili zimeziba, na mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mgongo wa mkono wake shingoni mwangu.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikavuta shuka hadi puani. Alinishika paji la uso, akarudi shingoni, akaniambia nitoe ulimi. Akaniambia niruke. Nikaruka sana, nikaruka kuliko alivyotaka, hadi akaniambia basi. Akamimina chai, akaketi mbele yangu kunitazama nikiinywa, kwa sababu huo ndio mtihani aliofundishwa na kukhu: mtoto mwenye homa ya kweli chai humshinda. Nilikunywa yote. Nikaomba nyingine nisiyoitaka.

Nje gari la hoteli lilipiga honi. Mama alitoka na mimi mkononi, akasimama uani kama mtu aliyepoteza kitu. Leo namwelewa vizuri, na moyo unaniuma kidogo kwa ajili yake. Alikuwa mgeni, peke yake, hana kukhu wa kumwachia mtoto, na pale Juba nusu ya watu walioanza na mafua walisema baadaye kwamba ilikuwa malaria. Akiniacha nyumbani, niko na nani? Akinipeleka shule nikazidiwa, atasema nini kwa kukhu?

"Iko na fulu tu," akasema Mama Akello, kanga begani, akininyanyua kidevu. "Wacha mimi niende na yeye soko. Atalala juu ya magunia, mimi nampa uji, mafi mushkila, hakuna shida."

"Hiyo ni malaria," akasema Opio kutoka kwenye bodaboda. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Malaria haileti kamasi, Opio."

"Inaweza leta."

"Amekunywa chai vikombe viwili," mama akasema, akijiambia mwenyewe. "Hana joto. Akikaa sokoni kwenye vumbi ndiyo mbaya zaidi. Aende shule."

Honi ikapigwa tena. Mama akaingia ndani mbio, akatoka na kitambaa cheupe, kimepakwa mafuta ya mikaratusi, na pini ya nepi. Kule kwetu watoto wa chekechea wote wenye mafua walibandikwa kitambaa cha kupengea kwenye sweta ili kisipotee, na yeye alifanya tu kama alivyofanyiwa. Alinibandika kifuani, upande uleule, akanibusu kichwani, akapanda gari akaenda.

Mimi nilisimama pale nikaitazama pini. Kitambaa cheupe. Kichwa cha buluu. Alikuwa amesema shule, na yule mvulana aliambiwa viatu.

Nilipanda bodaboda kimya. Mama Akello alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipopaswa kujua kuna jambo, maana sikuwa mtoto wa kunyamaza. Nilijipa moyo kwamba nitaona. Ikiwa Opio atakunja kulia kwenye duka la sabuni, basi ni shule kweli, na nimewaonea bure. Tukafika kwenye duka la sabuni. Palikuwa na greda limelala katikati ya njia, mapipa, na mtu mwenye bendera nyekundu akituashiria tupite kushoto.

"Wanaweka lami," Opio akasema kwa furaha. "Tunaanza soko, halafu tunazunguka shule."

Hayo ya kuzunguka sikuyasikia. Nilisikia soko. Nikaanza kuyatambua mambo niliyoyaona siku ya kwanza: wauza samaki wa kukaushwa, mlima wa mitumba, na kisha, yakiwa yamejipanga na injini zinanguruma, mabasi ya kwenda Uganda na vijana wakiita Nimule, Nimule, Kampala. Opio akasimama. Mama Akello akashuka, akaninyooshea mikono anishushe nipumzike wakati wakitua mizigo yake.

Nikamkumbatia Opio kwa nguvu zangu zote nikapiga kelele. "Sirudi! Sirudi! Sijapiga chafya!"

Alijaribu kunibandua. Nikauma shati lake. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wametuzunguka, kwa sababu hebu fikiria walichokiona: kijana wa bodaboda, mgeni, na mtoto anayelia kwamba haendi. Mama mmoja muuza chai alisimama mbele ya pikipiki na birika lake akipaza sauti, "Jena de ta munu?" akitaka kujua mtoto huyu ni wa nani. Mwingine akamshika Opio mkono. Askari akaja, akachomoa ufunguo.

"Mimi napeleka yeye shule!" Opio akasema.

"Shule iko wapi hapa?" askari akauliza, na kweli haikuwapo.

Mama Akello akajitosa katikati na tumbo lake, akisema mtoto ni wa jirani yake, anamjua, anakula kwake. Askari akaniuliza kama namjua huyu mama. Nilikuwa nikilia tu. Opio alikuwa amegeuka rangi, na nilihisi moyo wake ukidunda kwenye shavu langu, maskini wa watu. Mama Akello akatoa simu.

Hoteli ya mama haikuwa mbali na soko. Alikuja juu ya bodaboda nyingine, na aprini ya kazi, mkononi bado kashika foronya. Watu wakampisha. Alinitazama, akamtazama Opio, askari, birika.

"Nafula. Ni nini?"

"Sijapiga chafya," nikasema.

"Nini?"

"Hata moja. Nimezimeza zote. Kukhu alisema nikipiga moja tu unirudishe, na mimi sijapiga, na umenibandika pini."

Mama aliendelea kunitazama. Niliona maneno yakimwingia moja moja: kukhu, chafya, sufuria iliyoungua, pini. Kisha akakaa chini, juu ya gunia la maharage la Mama Akello, na aprini yake nyeupe ambayo hakuruhusiwa kuichafua, akalia mbele ya soko zima. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, nikadhani ndiyo kuagana kwenyewe, nikazidisha sauti. Mama Akello akaanza kulia kwa sababu sisi tunalia. Muuza chai alimgeukia askari kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa, na askari, asijue la kufanya, akamrudishia Opio ufunguo.

"Njoo," mama akasema.

Nikamwachia Opio. Mama aliifungua ile pini, akakitia kitambaa mfukoni mwa aprini, akanifuta kamasi kwa foronya ya hoteli, akinifuta uso wote mpaka masikio. Halafu akashika pindo la sweta langu, akashika na pindo la aprini yake, akayaunganisha, akayabandika pamoja kwa pini.

"Haya," akasema. "Kama pini ndiyo inasafirisha watu, basi tunasafiri wote. Opio, tupeleke shule."

"Mimi kesho nataka fulana imeandikwa mjomba wa mtoto," Opio akasema, akijipangusa jasho, na watu wakaangua kicheko, na huyo muuza chai akampa chai ya bure.

Tulizunguka njia ndefu kando ya mto, upepo ukitupiga. Nilimuuliza mama kama msimamizi wake atakasirika. Akasema atakasirika sana. Nikamuuliza kama atanirudisha siku nikipata malaria kweli. Namshukuru kwamba hakunidanganya. Akasema nikiugua atanipeleka kwa daktari, na ikibidi kurudi nyumbani, atapanda basi na mimi, tushuke pamoja. "Sikuchukua muda wote ule kukuleta ili nikutume tena kama kifurushi," akasema. Nilisikia sauti yake kupitia mgongo, kwa kuwa tulikuwa tumebandikwa.

Pale langoni alisimama mwalimu wetu, Madam Rebecca, Msudani Kusini aliyekulia Kenya kwenye kambi ya wakimbizi na kurudi na Kiswahili cha kule. Alitutazama tukishuka kama tulivyo, tukitembea upande upande.

"Mathe, hii nayo ni staili gani?"

Mama akaeleza kwa kifupi, akauliza kama anaweza kuniacha na mafua haya, au nitaambukiza wengine. Madam Rebecca akacheka, akausukuma mlango wa darasa. Nikachungulia. Kulikuwa na watoto waliotoka Khartoum, waliotoka Kakuma, waliotoka Arua, kila mmoja aliletwa na mtu kutoka mahali fulani, na karibu wote walikuwa wakikohoa. Kamasi zilikuwa zimewakauka juu ya midomo. Mmoja alikuwa akijifuta kwa kitabu. Mimi nilikuwa nimedhani katika Juba nzima ni pua yangu tu.

"Ni hii vumbi," Madam Rebecca akasema. "Darasa mzima iko na makamasi. Akishikwa na joto nitakupigia. Ingia, Nafula, ukohoe na wenzako."

Mama aliifungua pini. Akakikung'uta kile kitambaa, akakikunja, akaniuliza kama nataka nikishike mkononi au anibandike. Nilifikiri sana, kuliko nilivyowahi kufikiri jambo lolote.

"Nibandike," nikasema.

Akanibandika. Na hapohapo, kabla sijageuka, chafya zote nilizokuwa nimezimeza wiki hiyo zikaja na mwenzao mmoja mkubwa. Nilipiga chafya hiyo kwa mwili mzima, nikapepesuka. Kisha nikainua macho kumtazama mama, nikingoja.

Alikuwa ameshika foronya yake chafu, jicho jekundu, aprini ina vumbi la maharage nyuma. "Saa nane nitakuja," akasema.

Saa nane alikuja. Msimamizi alikuwa amemfokea na kumnyima ruhusa ya Jumapili, lakini hilo nililijua nikiwa mkubwa. Alipiga magoti pale langoni kama alivyopiga Konyo Konyo, akaifungua pini mwenyewe.

Mwanangu ameenda shule leo na pini kifuani, akilalamika kwamba wenzake watamcheka. Pengine watamcheka kweli. Nimeshamwomba bosi ruhusa, naye amekunja uso, na mimi nimeshafunga mkoba. Saa nane nataka niwe langoni.